Wembe na Yai Jipya

"Siku nikiona yai jipya kwenye ovari ya panya mkubwa, nitaosha chupa za maabara hii mwezi mzima. Tena nitaosha huku naimba!"

Wembe aliyasema hayo mbele ya watu wawili na friji moja, ameegemea mlango. Jina hilo alipewa kwa sababu mbili. Kwanza, ndiye aliyekata ovari za panya vipande vyembamba ambavyo ukipiga chafya vinahamia chumba cha pili. Pili, ulimi wake nao haukuwa butu. Alizigandisha ndani ya nta, akakata, akatandaza vipande juu ya vioo, akachungulia kwa hadubini, akahesabu. Miaka mitatu hakuwa amekosea hesabu hata mara moja. Hilo nalo alilisema, ingawa hakuna aliyemuuliza.

Mtafiti, ambaye wote walimwita Dada, alicheka. "Haya, mdogo wangu. Mashahidi mpo?"

"Nipo," akajibu Mama Chupa, muosha vyombo, kutoka kwenye sinki. "Na mgongo wangu umesikia pia."

Vitabu alivyosoma Wembe vilisema mnyama jike huzaliwa na akiba yake yote ya mayai, ikiisha, imeisha. Dada aliamini kwamba ndani ya ovari mna seli shina chache, zimejificha, zinazoendelea kutoa mayai hata mnyama akishakua. Basi akawanywesha baadhi ya panya wazima dawa inayotia alama zile seli tu zinazogawanyika kuanzia siku hiyo. Yai la zamani haligawanyiki, kwa hiyo halishiki alama. Yai likionekana linang'aa kijani, basi limezaliwa juzijuzi. Vioo vilipewa namba tu, ili Wembe asijue anamchungulia panya yupi. Orodha ya majibu ilikaa ndani ya bahasha, kwenye droo ya Dada.

Mwaka na nusu ukapita. Vioo mia mbili na kumi na moja, na kijani hakuna. Mkuu wa idara akatoa neno: Ijumaa chumba kinapewa watu wengine. Vilibaki vioo tisa. Dada hakucheka tena; alishinda akipanga kalamu ambazo tayari zilikuwa zimepangwa.

Alhamisi asubuhi Wembe akaweka kioo cha mia mbili na kumi na mbili. Kijani.

"Uchafu huo," akajiambia. Akafuta lenzi. Kijani. Akachukua kioo kilichofuata, chenye kipande kilichokatwa nyuma ya kile cha kwanza. Yai lilelile, mahali palepale, limejikunja katikati ya kifuko chake kama mtu aliyegoma kuamka, linang'aa. Uchafu gani huo wa kupenya vipande viwili?

Dada alikuwa chumba cha pili. Hapo alikuwepo Mama Chupa peke yake, amempa mgongo. Wembe akautazama mlima wa chupa kwenye sinki, akaisikia sauti yake mwenyewe ikiimba. Neno moja tu kwenye daftari la hesabu, "hapana", na nani angejua? Kesho chumba kinafungwa.

Aliandika "ndiyo". Tena papo hapo, bila kusita. Angalau ndivyo anavyosimulia mwenyewe.

"Dada! Njoo umwone mtoto wako!"

Dada akainama kwenye hadubini, akachungulia mpaka Wembe akaanza kuhesabu matone ya bomba. Kisha akafungua bahasha. Panya wa kioo hicho alikuwa mzima wa miezi minane, na dawa alikunywa.

"Moja ni moja," Dada akasema, akijifuta macho kwa mkono wa koti. "Hatujathibitisha kitu. Itabidi turudie."

"Nitakata mpaka nta iishe mjini," Wembe akasema.

Mkuu wa idara akaitwa. Akachungulia, akachungulia tena. "Aliyehesabu nani?"

"Huyu," Dada akasema. "Alikuwa na kila sababu ya kuandika hapana. Ndiyo maana hesabu yake naiamini kuliko yangu."

Mkuu akawaongezea miezi sita. Kifua cha Wembe kikavimba mpaka kifungo cha koti kikalalamika.

"Kawaida tu, mkuu. Mimi kwenye ukweli sisiti hata sekunde."

Bomba likafungwa.

"Ulisita, mwanangu," Mama Chupa akasema. "Hiki kioo cha dirisha mbele ya sinki kinaonyesha chumba kizima. Kile kioo chako cha kwanza chenye yai ulikitia mfukoni, kikakaa humo nikaosha chupa kumi na mbili. Nilikuwa nahesabu na mimi."

Wembe akafungua mdomo. Ulimi, kwa mara ya kwanza, ulikuwa butu.

"Ya kumi na tatu ukakitoa. Nikasema, eeh, huyo wangu." Akamrushia glavu mpya za saizi yake, alizozificha kabatini mwaka na nusu. "Haya, unaanza na wimbo gani?"