Mlio Kutoka Shimoni

Mvua za mwaka ule zilijaza maji mashimo ya dhahabu upande wa Ulemo. Zamani wachimbaji wangengoja kiangazi, lakini biashara ya bidhaa za nje ilikuwa imefunguliwa na pampu za petroli zilijaa madukani Singida mjini. Yeremia alinunua moja. Ikiwekwa juu ya ardhi haikuweza kuvuta maji kutoka kina kile kirefu, kwa hiyo waliifunga juu ya mbao ndani ya shimo.

Mdogo wake, Philipo, alikuwa na mita ya hewa aliyoachiwa na kampuni ya utafiti wa madini aliyowahi kuifanyia kazi. Huko alifundishwa kwamba moshi wa injini una sumu isiyo na harufu. Kila asubuhi aliiwasha mita hiyo mbali na shimo, penye hewa safi, akangoja isome sifuri, ndipo akaishusha kwa kamba. Ikilia, hakuna kushuka.

Siku moja betri za mita zilikwisha.

"Kaka, nakwenda Ulemo kutafuta betri. Asishuke mtu."

"Nenda tu," Yeremia alisema.

Philipo aliporudi, alikuta watu wamezunguka shimo. Mpira wa maji ulikuwa umechomoka pampu ikiwa inanguruma, na Yeremia alikuwa ameshuka kuurudisha bila kujifunga kamba. Pampu ilizimika baadaye, lakini yeye hakuitika tena. Mkewe, Felista, aliyekuwa ameleta uji, alikuwa akimwita huku sauti imemkauka.

Philipo alitia betri kwenye mita. Akaenda kando, akaiwasha mita, akangoja sifuri, akaishusha. Haikufika nusu ya shimo, ikaanza kulia.

"Shuka, shemeji!" Felista alimkamata shati. "Ni kaka yako yule!"

"Nikishuka sasa, na mimi nabaki humo."

Kefa, mchimbaji mwenzao, alikwisha kuvua viatu ili ashuke. Philipo alimkumbatia kwa nguvu mpaka wote wawili wakaanguka kwenye tope. "Leteni turubai!" alipiga kelele. Wakalipunga juu ya shimo, wakisukuma hewa ndani, na mita ikazidi kulia. Felista aliziba masikio.

Iliponyamaza, Philipo alijifunga kamba, akaivaa mita kifuani, akashuka. Alimkuta kaka yake ameketi ndani ya maji, ameegemea ukuta kama mtu aliyechoka. Mwili wake ulikuwa wa baridi.

Msibani Felista hakumpa mkono. Baada ya arobaini alichukua watoto, akarudi kwao Ihanja.

Philipo alimfuata wakati wa mavuno. Felista alimpa kigoda na maji ya kunywa, akaendelea kupepeta mtama.

"Shemeji, niambie kweli. Kile kidude kilipokuwa kinalia, mume wangu alikuwa hai?"

Kefa alikuwa amemsihi adanganye, aseme Yeremia alikuwa amekwisha kufa.

"Sijui, shemeji."

Ungo ulitulia mikononi mwa Felista. "Basi usije tena," alisema, bila hasira.

Philipo aliwaaga watoto, akaenda kuketi kando ya barabara kuu. Lori la mizigo lilisimama, dereva akamwita apande. Philipo alimpungia mkono aende zake.