Karakana Haikuungua

Mwaka ule dada mtu alipoachishwa kazi, na mume naye akamwacha, hakuna aliyemuuliza kwa nini hatoki kitandani. Ndugu walimpikia, wakamfulia, wakakaa naye mpaka akasimama tena.

Mdogo wake, fundi makochi, alipokuja kuanguka vilevile, hakuwa na la kuwaonyesha watu. Karakana ilijaa wateja, mume mpole, watoto wana afya. Lakini alikuwa akishika mkasi anasahau alitaka kukata nini. Chakula kilikosa ladha, usingizi ukamkimbia. Shangazi yao, ambaye hakuwa mtu wa kumung'unya maneno, alisema huko ni kudeka tu.

Dada hakukubali. Alimpeleka hospitali, wakaingia wote wawili kwa daktari, mama mmoja mwenye sauti ya taratibu. Daktari aliuliza kama kuna jambo zito lililompata karibuni. Fundi akainamisha kichwa, akasema karakana yake imeungua moto.

Dada akamgeukia, macho yamemtoka. "Mdogo wangu, karakana ipo. Funguo hizi hapa mkononi mwangu."

Fundi akaangua kilio. Aliona aibu, alisema, kuja kwa daktari mikono mitupu, hana hata msiba mmoja.

Daktari hakumcheka. "Kuna sonona inayomjia mtu baada ya pigo, na kuna inayoingia bila hata kubisha hodi. Zote ni ugonjwa, zote tunazitibu. Huna haja ya kuunguza karakana."

Fundi akacheka huku kamasi zikimtoka. Hakuwa amecheka siku nyingi.

Haikuwa lelemama. Alimeza dawa, akaenda kuzungumza na mshauri kila wiki, na asubuhi ambazo miguu ilikataa, dada alimfuata nyumbani wakaongozana. Nguvu zilirudi kidogo kidogo, mpaka siku aliyopigilia msumari wa mwisho kwenye kochi kubwa la watu watatu, wakalitoa nje, upande mmoja yeye, upande wa pili dada, jasho likiwatiririka, wanaimba.

Shangazi alikuwa anapita. Akasimama. "Kwani ulipatwa na nini wewe?"

"Sikupatwa na kitu, shangazi. Niliumwa, nikatibiwa, nimepona." Alilisema kwa sauti, mtaa mzima ukasikia, na hakuinamisha kichwa.

Shangazi alitazama kushoto na kulia, kisha akasogea karibu, akauliza kwa kunong'ona daktari huyo anapatikana siku gani.

"Kesho yupo," fundi alisema, akimshika mkono. "Nitakupeleka mwenyewe."