Sahani ya Isidore

Mwezi wa kumi na moja, huku kwetu kando ya Ziwa Michigan, wafu huja kula. Hula kwa midomo yetu, ndiyo maana siku ya karamu yao hafukuzwi mtu mlangoni wala hakataliwi chakula. Mimi hupita nyumba zote, nikiwakilisha marehemu wa ukoo mzima. Mwaka mmoja nilishiba hadi mbwa wa padri akanionea huruma, akanibeba mgongoni mpaka kwangu.

Wafu wenye akili huanzia kwa Philomene. Ndiye pekee aliyebaki anayechemsha mahindi kwa majivu kama mama yake, hadi maganda yabanduke yenyewe. Na mezani kwake, kando ya sahani ya marehemu mama, palikuwa na sahani ya kaka yake Isidore.

Ila Isidore hakuwa amekufa. Alikuwa Detroit, akiunda magari. Mama alipougua aliitwa, hakuja. Alipozikwa aliitwa, hakuja. Mwaka uleule Philomene akaongeza sahani, akalitaja jina lake kati ya wafu. Nani amsahihishe? Supu ilikuwa tamu mno.

Basi jioni moja ya karamu Isidore akaingia, amekonda, koti limemmeza, begi mkononi.

"Dada, nimerudi. Mapafu yamekwisha. Nipe hata kile chumba cha mama, nipitishe baridi hii."

Philomene hakumtazama. Alivuta kiti penye sahani ile.

"Kaka yangu amekuja," alituambia sisi. "Mpisheni."

Isidore akakaa, akicheka kidogo. "Kumbe mliniwekea nafasi."

"Kila mwaka," nikamwambia.

"Na huku kushoto ni ya nani?"

"Mjomba wako Kasper. Yule aliyezama."

Kijiko kikamsimama mkononi.

"Dada, mimi ni mzima."

"Mchele wa ziwani umekubali mwaka huu," Philomene akamwambia jirani yangu, huku akiijaza sahani ya Isidore samaki, mchele na supu, minofu minono kuliko yetu sote. Mfu hanyimwi.

"Philomene. Sema nami."

Delphine, binti wa jirani, akanong'ona, "Shangazi, anakuita."

"Wafu huita, mwanangu. Ukiitika, unawafuata."

Isidore akala. Machozi yalimdondoka supuni. "Hii ni ya mama hasa," alisema. Philomene akauweka mwiko chini, nikadhani moyo umelainika. Kumbe sikumjua.

Tulipomaliza, Philomene akakusanya mabaki ya sahani za wafu, na ya Isidore pia, akayatia motoni uani. Kisha akaufungua mlango wote, baridi ikatupiga.

"Mmeshiba," alisema. "Asanteni kwa kuja. Sasa nendeni mkapumzike, mtuachie walio hai."

Tukasimama, maana ndivyo tulivyofundishwa kuwaaga wafu. Nami nilisimama, shavu limejaa pai. Isidore alitutazama mmoja mmoja, akasubiri. Kisha akaokota begi, akatoka.

Philomene aliuacha mlango wazi kwa muda kidogo, wafu wengine nao wapite. Akaufunga, akauliza nani aongezwe supu.

Bakuli langu lilikuwa la kwanza.