Karatasi ya Marehemu

Kila Novemba tunapanda kilimani hapa Elefsina, kwenye kanisa dogo la Bikira lililo juu ya magofu, kila mwanamke na bakuli lake la nafaka za kuchemsha. Mashamba hatuna tena. Tuna kiwanda cha saruji. Ngano tunanunua dukani, na jirani yangu Despo, mvivu asiye na haya, huongeza mahindi ya kopo. Bikira anavumilia mengi.

Mwaka huu alikuja profesa kutoka Athene, na skafu yake ya hariri na mpiga picha wake. Akatuambia tunayoyafanya yalifanywa papa hapa zamani za kale, kwa Demetra, mungu wa kike wa nafaka, aliyeibiwa binti akamtafuta dunia nzima akilia, na mashamba yote yakagoma kuota.

"Mjinga huyo," nikasema. "Binti akishaondoka, kaondoka."

Despo akanigusa mbavu kwa kiwiko. "Zambeta, shoga yangu, wewe huna moyo, una jiwe la kusagia."

"Afadhali. Jiwe halilii."

Binti yangu Garifalia aliolewa na dereva wa lori aliyeacha mke, wakahamia Melbourne. Siku hii padri huwaombea watu wetu kwa majina, kutoka karatasi mbili tunazomwandikia, ya wazima na ya marehemu. Kwa miaka tisa nimemwandika kwenye ya marehemu, chini ya mama yangu, na mwaka huu tena. Padri Stathis si mwenyeji wa hapa, tena si mwerevu; anasoma anachopewa.

"Kanipigia simu asubuhi," Despo akaninong'oneza tulipoingia. "Jumatatu anapasuliwa. Ana uvimbe kichwani. Kaniuliza kama mama yake huwa anamwandika."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia hajasahau hata mwaka mmoja. Ningesemaje, we mchawi?"

Nilitaka kumcheka. Kicheko hakikuja.

Padri alikwisha kumaliza wazima, akashika karatasi ya pili. Profesa alikuwa amesimama kando, anatabasamu kama yeye ndiye aliyetuzaa sote. Nikasikia jina la mama yangu. Nikamsikia padri akivuta pumzi.

"Usisome!" nikapiga kelele. "Yu hai!"

Kanisa zima likageuka. Padri akaichungulia karatasi. "Mama, si mwandiko wako huu?"

"Ni wangu! Mwandiko wa mpumbavu! Mtoto wangu yu hai, mrudishe kwa wazima!"

Profesa akamwashiria mpiga picha asogee. Nikaisukuma ile kamera kwa kiganja, na laiti ningekuwa na nguvu za ujana ningemsukuma na profesa mwenyewe. Padri, maskini, akaanza upya karatasi ya wazima, majina yote, na mwishoni akaongeza: Garifalia.

"Tena," nikamwambia.

"Nimeshamsoma, mama."

"Mara tisa amesomwa kule. Tena."

Akasoma tena.