Masaa Saba Angani

Andati alikuwa ameendesha trekta la miwa miaka ishirini na saba, na hesabu ya safari hakufundishwa na mtu. Tiketi ya binti yake Naliaka ilisema ndege itaondoka Nairobi saa tano usiku na kufika New York saa kumi na mbili asubuhi. Masaa saba. Basi la Kakamega hadi Nairobi huchukua manane, lakini ndege haina matuta wala polisi wa barabarani. Hesabu ikamkalia sawa.

Kulipopambazuka akaketi nje ya nyumba yake Shinyalu, simu mkononi. Jogoo alifungwa mguu kwenye mpera, achinjwe habari njema ikifika. Saa moja, kimya. Saa tatu, kimya. Kila akipiga, aliambiwa mteja hapatikani.

"Elvis wa dada yangu yuko hukohuko," mkewe Phoebe akasema, kikapu cha majani chai mgongoni. "Sisi tukitoka shambani jioni, yeye ndio anakunywa chai ya asubuhi. Jua lao huchelewa, baba Naliaka. Ngoja."

"Jua ni moja. Ama wao walinunua lao?"

"Haya. Kaa nalo."

Kufika saa tano, moyoni mwake ndege ilikuwa imeshamezwa na bahari, na mtoto wa kuzikwa hayupo. Ni yeye aliyemsukuma. "Enda, hapa utazeekea kwenye majani chai," alimwambia. Maneno hayo sasa yalimrudia. Akampigia jirani yake Jairus: "Ndege ya Naliaka imepotea."

Shinyalu, neno kama hilo halitembei, linakimbia. Kabla ya saa saba Jairus aliingia na mzigo wa kuni begani, kama watu wanavyoenda matangani, nyuma yake wanawake na unga, vijana na viti vya plastiki. Mmoja akaanza kupiga nduru langoni.

"Nyamaza!" Phoebe akamfokea. "Unamlilia nani?"

Wakakaa. Andati hakuinua kichwa.

Saa tisa simu ikalia.

"Baba, nimefika! Ndio tumetoka uwanjani. Hata jua halijachomoza."

"Umefika asubuhi?"

"Si hii ndio asubuhi? Masaa kumi na tano, baba! Miguu imevimba kama viazi."

Andati akamtupia Phoebe simu, akaenda nyuma ya ghala, akalia peke yake. Alirudi amenawa uso.

"Sasa hizi kuni za matanga nizirudishe?" Jairus akauliza.

"Ziache, mjinga wewe. Zitapika jogoo."

Watu wakacheka mpaka viti vikayumba.

Firigisi katika nyumba ile haikuwa imewahi kuliwa na mtu mwingine ila Andati. Jioni hiyo aliichota mwenyewe akaiweka kwenye sahani ya mkewe.

"Kula. Na usiseme neno."

Phoebe alitafuna polepole, akimtazama.