Basi la Kaliua Halina Jogoo

Eustadia alikuwa ameketi nje ya uzio wa stendi tangu kabla ya jua kuchomoza, akitafuta picha ya jogoo. Mwanawe wa pekee, Recheli, alikuwa anazikwa Kaliua mchana huo. Kila alipokwenda kumtembelea, mama huyu wa Kigwa asiyejua kusoma alipanda basi lenye jogoo mwekundu ubavuni, na halikuwahi kumpoteza.

Sasa jogoo hayupo. Wakubwa walitaka mji upendeze, basi kila gari likapakwa rangi nyeupe na mstari wa buluu, na liendako huandikwa kwa taa juu ya kioo. Wapiga debe nao walifukuzwa, eti wana kelele. Hakuna tena wa kuita "Kaliua! Kaliua!" Basi la asubuhi lilijaa mbele ya macho yake likaondoka, naye akajifunika khanga usoni asile vumbi.

Mwanamke aliyepita ndiye aliyemwambia kwamba lile lililoondoka ndilo la Kaliua. Eustadia akajikokota hadi dirisha la tiketi, kando ya geti.

"Mwanangu, naomba tiketi ya Kaliua. Nakwenda kuzika."

"Pole, mama. Tiketi tunakata kwa simu."

"Sina simu. Hela hii hapa."

"Hela ya mkononi hatupokei. Mfumo haukubali."

Msichana wa tiketi hakuwa mkorofi. Alirudisha tu macho kwenye kompyuta yake. Watu walipita na simu zao masikioni, kila mmoja na lake, na Eustadia akajiona mpweke kuliko alivyokuwa usiku ule alipoletewa habari za msiba.

"Shikamoo, Mama Jogoo!" Alikuwa Lukumani, mpiga debe wa zamani, ambaye siku hizi anauza karanga pale nje. "Umetupotea!"

"Marahaba, baba. Recheli amefariki."

Utani ukamwisha Lukumani. Akaweka sinia chini, akatoa simu, akamkatia tiketi kwa jina lake, Eustadia Limbu. "Ukipanda hili linalofuata utawahi, mama. Twende, mashine ya getini inasoma simu."

Hawakufika. Askari wawili wa stendi walimshika Lukumani mkono.

"Wewe bado unauzia watu tiketi?"

"Simuuzii, afande. Huyu mama kafiwa, namsaidia."

"Utaeleza ofisini. Lete simu."

Wakaondoka naye, na simu ikaenda nao. Eustadia akabaki ameshika vyuma vya geti.

Ndani, kondakta alishuka basini, akatazama kimashine chake. "Eustadia Limbu! Yuko wapi Eustadia Limbu?"

"Mimi hapa, baba! Nipo!"

Kondakta akamgeukia mlinzi wa geti. "Mfungulie. Kiti chake kimelipiwa."

"Tiketi, mama," mlinzi akasema.

"Iko kwenye simu ya Lukumani. Wamekwenda naye."

"Basi huna tiketi."

"Si jina langu hilo analoliita?"

"Nikikufungulia bila mashine kusoma, kibarua changu kimeota nyasi. Kondakta, weka kwamba hakutokea."

Kondakta alisita. Dereva akapiga honi. Kondakta akabonyeza kimashine, akapanda, na mlango ukafungwa.

"Nipo!" Eustadia alipiga kelele. "Nimetokea, jamani, nipo hapa!"

Basi lilirudi nyuma taratibu, likapita karibu kabisa na geti. Kiti kimoja tu kilikuwa kitupu, cha dirishani. Abiria wa pembeni alikuwa ameshaweka mkoba wake juu yake.