Glasi Kwanza

Darasa zima lilimwita Spika, na jina hilo hakulikataa. Alikuwa kidato cha mwisho, mwenye sauti ya kujaza ukumbi na ulimi usiojua kuchoka. Wiki nzima alifanya mazoezi ya hotuba yake jikoni kwao: wavulana nao waoshe vyombo! Alichagua jikoni kwa sababu ndiko kulikokuwa na msikilizaji. Dada yake mdogo, Pilipili, aliinama kwenye beseni akisugua, naye Spika akampa mgongo, akalihutubia dirisha.

"Kaka, sogea kidogo nimwage maji."

"Usinikatize! Niko kwenye usawa."

"Haya, usawa sogea, nimwage maji."

Mshindi wa hotuba za darasa angeiwakilisha shule kwenye mashindano ya shule zote, na Spika aliitaka nafasi hiyo kufa na kupona. Tayari alikuwa amemwomba mama yao, fundi cherehani, amshonee shati la safari.

Ila mwalimu wa Kiswahili alikuwa na utaratibu wake. Kwake hotuba haikufungwa kwa "asanteni kwa kunisikiliza", ilifungwa kwa kitendo. Unalotaka wenzako walifanye, ulifanye wewe kwanza, mbele ya macho yao. Msichana aliyehutubia juu ya taka alitumwa uwanjani na kapu, akarudi limejaa. Mvulana aliyelaani uchelewaji aliulizwa tu alifika saa ngapi asubuhi ile, akarudi kukaa mwenyewe bila kusukumwa.

Spika hakutishika. Mkobani alikuwa na sahani moja na sifongo. Sahani yenyewe ilikuwa safi kabisa, maana Pilipili alikuwa ameshaiosha.

Na aliongea, jamani! Alipanda, akashuka, akanong'ona, akanguruma. "Mikono ya mwanamume haiyeyuki kwa sabuni!" alisema, na madawati yakapigwa makofi. Hata wavulana waliokula kiapo cha kutogusa sifongo maishani walianza kutikisa vichwa kukubali. Ndipo akaichomoa sahani yake kwa madaha.

"Irudishe hiyo," mwalimu akamwambia kwa upole. "Ukizidi kuiosha itatoboka."

Mlango ukafunguliwa. Mpishi wa shule akaingia na beseni la maji ya sabuni na vyombo vya chai ya walimu: glasi, sahani, na sufuria ya maziwa yaliyoungua, nje imejaa masizi.

Spika akakunja mikono ya shati, akaanza na kilicho kikubwa. Akaizamisha sufuria yote majini, akaisugua kama mtu anayeidai, mpaka maji yakawa meusi tii. Kisha, katika maji yaleyale, akatumbukiza glasi. Alipoinua moja juu kwa fahari, haikuonyesha upande wa pili.

Wasichana walicheka wakashikana mabega. "Spika, hiyo glasi au kibatari?" Mpishi akalichukua beseni lake na vyombo vyake, akaondoka. Nafasi ikaenda kwa msichana wa taka.

Nyumbani, Pilipili alikuwa anajaza maji kwenye beseni. "Umeshinda?"

"Sufuria imenishinda." Akauweka mkoba chini. Aliona aibu kuuliza, lakini akauliza. "Kwani mtu huanza na nini?"

Pilipili akamtazama. "Glasi, kaka. Halafu sahani. Sufuria mwisho. Wiki nzima umesimama hapa!"

"Nilikuwa naangalia dirisha."

Akamvua dada yake aproni, akajifunga yeye, akatia mikono majini, akaanza na glasi. Pilipili akabaki amesimama katikati ya jikoni, hana la kufanya. Kisha akakohoa, akainua kidevu, akaianza hotuba. Ilikuwa ileile, neno kwa neno, lakini pale Spika alipokuwa akinguruma yeye alitabasamu, na ikauma zaidi. Chumba cha pili cherehani ikanyamaza; mama alikuwa anasikiliza.

"Mikono ya mwanamume haiyeyuki kwa sabuni," akasema Pilipili.

Spika akaitoa mikono yake povuni, akaitazama. Kisha akachukua glasi ya pili.